Mawe ya Chokaa

Vyombo vyao vilikuwa nje ya geti la kambi tangu asubuhi, lakini Sajenti mstaafu Ngwandu bado alikuwa ndani ya kota, anapaka ukuta chokaa. Eti nyumba ya jeshi hukabidhiwa ikiwa safi.

"Baba Kulwa, wanaotufukuza ndio unawapambia?" Salome, mkewe, alifoka dirishani. "Leo tunalala wapi?"

"Subiri nimalize."

Salome akasonya, akarudi kukaa kwenye kitanda chao kando ya barabara.

Jioni mumewe akatoka na ndoo ya chokaa. Ufunguo alikuwa ameshaukabidhi, na saluti juu. Alimwinua Salome, akatandika kitanda, akakaza shuka kila pembe. Kisha akaanza kuokota mawe, anayapanga kukizunguka kitanda na kuyapaka chokaa, kama yale ya njia ya kuingilia kambini.

Salome alimtazama mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Haya, Sajenti. Na mlango umeuweka upande gani?"

Ngwandu alisimama, brashi ikimdondoshea matone meupe kwenye viatu. Halafu akainama, akaondoa jiwe moja, upande unaotazama geti.