Shuka la Kumi na Tano

Kwenye kamba palikuwa na mashuka madogo kumi na tano. Katika chumba cha watoto cha kiwanda mlikuwa na watoto kumi na wanne.

Karani wa hesabu alihesabu tena, akigusa shuka moja moja kwa kalamu. Kumi na tano, na yote yamefuliwa leo.

"Mama mlezi, hili la ziada ni la nani?"

Mlezi alijitia kukamua nepi. "La aliyelilalia, mwanangu. Nimeapishwa nisiseme."

Karani akaondoka haraka. Kumbe kuna mtoto wa siri! Na yeye alikuwa akimhitaji mtoto huyo kuliko cherehani zote za kiwanda.

Meneja alikuwa ameshakata shauri: gharama za kila huduma zigawanywe kwa idara zinazoitumia. Za chumba cha watoto zitagawanywa kwa hesabu ya mashuka. Huduma inayotumiwa na idara mbili au zaidi itabaki. Inayotumiwa na idara moja tu itafungwa mwisho wa mwezi. Na akina mama wote wenye watoto mle walikuwa wa idara ya kushona, akiwemo mdogo wake karani, mwenye kichanga cha miezi mitano.

"Kikifungwa, dada, huyu nitamwacha na nani?" mdogo mtu alimuuliza asubuhi. "Nimtundike kwenye hanga pamoja na magauni?"

"Hanga yaachie magauni. Hili niachie mimi."

Mkutano wa kugawana gharama ulianza saa nane, watu wametoka kula. Mkuu wa idara ya pasi, waliyemwita Bwana Mstari kwa jinsi suruali yake ilivyoweza kukata mkate, aliingia wa mwisho, mchangamfu kama ametoka kuoga. Kwa mbele shati lake lilinyooka kama rula. Mgongoni lilijaa mikunjo. Alikuwa akiimba puani, wimbo laini wa kubembeleza.

"Kwangu mimi ni madume matupu," akasema hata kabla hajakaa. "Nilipie nepi za nini? Pasi hainyonyi!"

Watu wakacheka. Karani hakucheka.

"Bosi, kuna shuka moja halijapata idara."

"Basi aitwe mlezi," meneja akaamuru.

Wimbo wa Bwana Mstari ukakatikia puani.

Mlezi akaja, mikono bado ina povu. Nyuma yake, mlangoni, akasimama mdogo wake karani na kichanga begani.

"Mama, swali fupi tu," alisema meneja. "Mashuka kumi na manne ni ya kushona. La kumi na tano ni la idara gani?"

Mlezi akatazama sakafu, kisha akamtazama yule kichanga. Akashusha pumzi.

"La pasi, bosi."

"Uongo!" Bwana Mstari aliruka kitini. "Idara yangu haina hata mtu mmoja mwenye mtoto mle!"

"Kwani mimi nimesema mtoto?" Mlezi akamgeukia kwa upole. "Nisamehe, baba, najua nilikuahidi. Lakini kila siku saa saba, nikishawalaza hawa kumi na wanne, ni wewe unayekuja kujinyoosha pale kwenye kona, na bila kuimbiwa hulali."