Jina Moja la Kulwa na Doto

Kijijini kwa kina Minza, tangu kompyuta zije, mtu asiye na kidole mtandaoni hahesabiki: mlango wa darasa haumfungukii wala zahanati haimtibu. Siku ya kuandikishwa, Minza alifuata mila, kwamba pacha hawatenganishwi hata kwa kikombe cha uji. Akawaweka Kulwa na Doto kwenye jina moja, huyu kidole gumba cha kulia, huyu cha kushoto. Majirani wakampigia vigelegele.

Sasa Doto alikuwa anachemka homa mgongoni mwake, na kompyuta ya zahanati haitaki kusikia.

"Mama Kulwa, mwanao mzima," alisema muuguzi Kabula akisoma kompyuta. "Yuko darasani, kajibu swali sasa hivi."

"Huyo Kulwa! Huyu si unamwona, dada'angu? Mguse basi!"

"Namwona, shoga. Ila kabati la dawa halifunguki kwa macho yangu."

Minza alichanganyikiwa. Amtetee nani, mzima au mgonjwa? Mwishowe akapiga simu shuleni, akaomba Kulwa atolewe darasani. Kulwa alipotoka tu, kabati likafunguka. Doto akachomwa sindano, akalazwa.

Haukupita muda, Kulwa akaingia mbio, machozi yanamtoka.

"Mama, nimetaka kurudi darasani, mlango umenikataa. Eti naumwa."

"Wewe huumwi, mwanangu."

"Mlango umesema."

Minza akampapasa paji la uso. Lilikuwa baridi. Akampapasa tena.