Koti la Baba Mkwe

Seremala aliinuka kwenye benchi la zahanati ili atoroke. Kupimwa tezi dume! Wenzake karakanani wangemcheka mpaka randa ziwadondoke mikononi. Mkojo kutoka kwa shida ni uchovu tu, alijiambia, na uchovu haujamuua mtu.

Mlangoni akakutana ana kwa ana na baba mkwe wake.

Ardhi ingepasuka angeingia. Tangu amuoe binti yake, hawakuwahi kuzungumza lolote lililo chini ya kitovu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wamekupima?"

"Hapana, nimekuja kumwona jirani."

Mzee alitazama kikaratasi cha foleni kilicholowa jasho kiganjani mwa mkwewe. Vidole vyake vilivyokonda vikaanza kufungua vifungo vya koti lake refu, kimoja baada ya kingine.

Seremala akageuza uso haraka. Mkwe hatazami mwili wa mkwe.

"Nitazame, mwanangu."

Akatazama. Mpira mwembamba ulitokea ndani ya suruali ukaishia kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa pajani. Mfuko ulikuwa umejaa nusu, na mkojo ulikuwa mwekundu.

"Nilichelewa," mzee alisema. "Binti yangu tayari ana kilio changu kinachomsubiri. Nakuomba, baba, usimwongezee cha pili."

Muuguzi akachungulia. "Anayefuata ni nani?"

Watu wote kwenye benchi walikuwa wakiwatazama. Mzee hakulifunga koti, akimsubiri mkwewe ajibu.