Mzigo Unaopumua

Upepo ulipeperusha khanga ya Sikuzani hadi kwenye jiwe la wapagazi, na mumewe akaikimbilia bila kufikiri.

Aliidaka. Hapo hapo magoti yakamkunjika.

Misafara ilikwisha, enzi hizi za Mwingereza mizigo inapanda treni pale stesheni ya Igalula. Lakini kila mzigo uliowahi kutuliwa kwenye jiwe lile, pembe za ndovu, chumvi, majora ya nguo, humwelemea yeyote anayelikaribia. Kuna mtu alivutwa kwa kamba, bega likateguka, na asisogee hata kidogo.

Nyayo za mumewe zilikuwa zinazama ardhini. Damu ilimtoka puani.

"Usije, mke wangu."

Sikuzani alikwenda. Akasimama naye bega kwa bega, akamwambia vile watu wa Tabora wanavyomwambia yeyote wanayemkuta njiani na mzigo: "Lete nikupokee."

Uzito ukagawanyika. Shingo ya Sikuzani ikalia kama kuni kavu, lakini mumewe aliweza kunyanyua mguu mmoja, halafu wa pili.

"Twende," akasema, akimshika mkono. "Taratibu."

Sikuzani hakusogea. Katikati ya pembe na chumvi, mzigo mmoja mdogo ulikuwa umemlalia mgongoni, una joto, unapumua. Kumbe katika misafara ile kuna mama aliyemtua mwanawe hapa. Na mgongo wa Sikuzani haukuwahi kubeba mtoto, licha ya dua zote walizoomba tangu waoane.

"Tutavunjika, Sikuzani!"

Sikuzani alikuwa ameshainama mbele, mikono yote miwili imekinga nyuma.

"Nipe khanga," akamwambia.