Karatasi Kwenye Fremu

Dukani, Mwanahawa aliinua baiskeli mbili za mbio. Ile yenye jina kubwa ilimshinda bei. Ya pili ilikuwa nyepesi vilevile na bei yake aliimudu, ila jina lake, Belkuta, hakuwahi kulisikia. Akaichukua.

"Nikubandulie makaratasi haya ya kwenye fremu?" muuzaji akauliza.

"Yaache."

Wengine huyaacha ili rangi isichubuke. Yeye aliyaacha yalifunike jina, ili Kibwana na wenzake wa chama chao cha baiskeli wasije wakalicheka.

Jumapili, kwenye kile kilima ambapo wenzake walizoea kumwacha nyuma, mvua ikawamwagikia. Mwanahawa alikanyaga pedali, na baiskeli ikapanda kana kwamba inavutwa kutoka juu. Akampita mmoja, akampita wa pili, akampita Kibwana mwenyewe. Karatasi zikalowa, zikachanika, zikabaki barabarani vipande vipande.

"Dada!" Kibwana aliita kutoka nyuma, akihema. "Hiyo ni Bel... Bel nini?"

Mwanahawa alishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu dukani, akacheka peke yake mvuani.

"Njoo usome!" akasema, akainuka juu ya pedali.