Roboti Aliyelaza Kichwa

Wachimbaji walioko mwezini waliruhusiwa burudani moja tu: kuendesha roboti katika mchezo wa bunduki za risasi za plastiki huku duniani. Kuongea kupitia roboti kulikatazwa. Mwanahawa, aliyekuwa akimkumbuka hadi usingizini mumewe Shaweji, mmoja wa wachimbaji hao, akaenda dukani kujiandaa kwa mchezo.

“Anza na miwani, dada, na buti za kushika kifundo,” muuzaji alimshauri. “Bunduki usinunue bado, kodi tu.”

“Nikodishie isiyo na nguvu. Sitaki kumuumiza.”

Uwanjani roboti mmoja alimwona, akalaza kichwa kwenye bega lake mwenyewe, vilevile kama Shaweji alivyozoea kufanya akimsikiliza. Mwanahawa akashusha bunduki, machozi yakitia ukungu miwani.

“Baba Zuhra?” aliita.

Nyuma ya matairi ya kujikingia, roboti wengine wote nao wakalaza vichwa, kila mmoja kana kwamba ndiye aliyeitwa.