Sauti ya Sita

"Kimepona, mama," fundi alisema, akabonyeza vibonye vitano kwa pamoja. Kinanda cha marehemu mume wa mama huyo kikaimba.

Mjane hakutabasamu. Mbona vitano? Ndani mle zilikaa sauti sita, kila moja na kipande chake cha umeme, ndugu wa mlango mmoja wanaopokezana kuitika: ukibonyeza kibonye kilekile mara sita, umewaamkia wote. Wa sita alikuwa na mkwaruzo, kama koo la mumewe kila asubuhi.

Akabonyeza. Watano wakaitika, mmoja mmoja. Mara ya sita, kimya.

"Huyo amelala," fundi akacheka.

"Aliyelala huamka akiitwa, baba."

Akakiendea kinanda cha fundi mwenyewe, kilichofunikwa kitambaa pale pembeni, akakifunua, akaanza kubonyeza. Mara ya tatu, fundi aliacha kucheka. Mara ya nne, koo la mumewe likakwaruza.